Robo Saa Katika Chumba cha Wageni

Wachezaji walimwita Povu, na jina hilo lilimfaa nusu tu. Lilimfaa kwa sababu kwa miaka ishirini na sita mikono yake haikukaukiwa na povu la sabuni. Lakini kama ni povu la mdomoni, Mungu amrehemu, hakuna aliyewahi kuliona lake. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alipenda kulalamika mbele ya watu kwamba alimwoza dada yake kwa mtu ambaye maneno yake ya mwaka mzima yanaenea kwenye kiganja, na nafasi ya chumvi inabaki.

Povu alikuwa mtunza vifaa wa klabu ya mpira. Jezi, bukta, soksi, njumu, taulo na chupa za maji, vyote vilipita mikononi mwake. Chumba chake cha kufulia kilikuwa chini ya ngazi za jukwaa kubwa, kiasi kwamba mashabiki wakiruka huko juu, vumbi la saruji lilimdondokea kwenye maji ya kusuuzia. Hivyo alijua kuwa bao limefungwa kabla hajaambiwa. Mle ndani mlikuwa na mabeseni mawili ya saruji, mashine moja iliyofanya kazi ikipenda, na nje ya mlango nyaya sita za kuanikia. Jezi zilianikwa kwa kufuata namba, kuanzia ya kipa, ndani ikiwa nje ili jua lisile rangi. Na sabuni, ile ya miche mirefu, ilikatwa kwa uzi. Unauzungusha uzi kwenye mche, unavuta ncha zote mbili, kipande kinadondoka kisafi bila kupotea hata chembe. Kisu, alisema Povu, kinaumiza sabuni. Watu walimcheka, lakini hakuna aliyethubutu kuingia na kisu mle.

Kitindamimba wake alikulia katika chumba hicho. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu, na kaka zake walikuwa wameshaoa na kuhama. Basi baba alimchukua shuleni kila mchana, akamlaza juu ya kapu la jezi safi, akaendelea kufua. Alimwita "mama," kama akina baba wengi wanavyowaita binti zao, ila baada ya msiba ule alilitamka neno hilo polepole zaidi. Binti alipomaliza kidato cha nne klabu ikamwajiri awe msaidizi wa baba yake. Kwa hiyo aliyoyajua kuhusu mzee wake yalikuwa mengi, na ndiyo maana lile moja asilolijua lilikuja kumwangusha.

Timu ilipoanza kucheza mashindano ya klabu za nchi mbalimbali, Povu alianza kusafiri. Akirudi, binti ndiye aliyefungua mabegi, na mabegi yalisimulia kabla ya baba. Jezi ilikuwa na mate yaliyokaukia mgongoni. Begi la njumu lilinuka mkojo, kwa sababu kuna watu huko walioujaza kwenye chupa za maji wakautupa kutoka jukwaani. Soksi zilikuwa na vumbi la korido, maana chumba cha kubadilishia nguo kilipuliziwa dawa na wachezaji wakavalia nje wamesimama. Kipa alimweleza binti jinsi alivyomulikwa machoni kwa tochi za miale ya kijani kila mpira wa kona ulipopigwa. Binti alisikiliza akiuma meno. Baba aliloweka.

"Mate hayana nchi, mama," alimwambia. "Hata wageni wanaokuja kwetu nimeziona fulana zao."

Hilo binti hakutaka kulisikia.

Kwa sababu ya zile dawa Povu alijiwekea utaratibu wake. Timu ikifika ugenini, hakuna mchezaji aliyekanyaga chumbani kabla yake. Aliingia peke yake, akafunga mlango, akakaa kwenye benchi robo saa nzima kwa saa yake ya mkononi, akivuta pumzi na kusali sala yake moja: anayeingia aingie salama, anayetoka atoke salama. Koo likimkereketa, alitoka na timu ikavalia koridoni. Lisipomkereketa, alifungua mlango na kuwakaribisha kama mwenye nyumba. Daktari wa timu alimkataza mara mbili. Kifua chake kilikwisha kuchoshwa na mvuke wa dawa za kung'arishia nguo, na moshi mkali, alimwonya, siku moja ungemlaza asiamke. Povu aliitikia, ndiyo daktari, na safari iliyofuata akaingia tena.

Jicho lake la kushoto aliliacha huko huko ugenini, siku ya robo fainali iliyokwisha kwa sare ya bao moja kwa moja. Basi lilikuwa likitoka uwanjani taratibu katikati ya watu, yeye amekaa dirishani na kapu la jezi magotini, ndipo jiwe lilipokuja na kioo chake. Alirudi nyumbani na bandeji, na habari ikawa kubwa kuliko mtu. Kila aliyekuja kumpa pole alitaka kusikia habari za jiwe: lilikuwa kubwa kiasi gani, lilitoka upande gani, aliyelitupa alimwona? Povu alijibu kwa ufupi. Hakuna aliyemuuliza jambo jingine, naye hakuwa mtu wa kusimulia asichoulizwa.

Tangu hapo hakuweza tena kutia uzi kwenye sindano. Namba ya jezi ikibanduka, aliinyoosha sindano pembeni bila kugeuka na kusema, "Uzi, mama," na binti aliulamba uzi, akaupitisha tunduni, akamrudishia. Alifanya hivyo miaka minne. Baba yake aliona ni msaada mdogo tu wa mtoto kwa mzazi. Lakini kila uzi uliopita kwenye tundu lile ulimkumbusha binti wale watu, na kidogo kidogo chuki ilijishona ndani yake bila fundo kuonekana.

Mwaka wa nne kura ya mashindano ikawaleta watu wale wale, safari hii waanze kucheza huku nyumbani.

Shemeji wa Povu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa tawi la mashabiki na mpiga tarumbeta wake. Kwa Kitindamimba alikuwa Mjomba, mtu mnene mwenye moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi. Ndiye aliyempeleka Povu kliniki ya macho kila mwezi kwa mwaka mzima, wakitaniana njia nzima. Tawi lilishona bango refu kama ukuta wa nyumba, likachorwa jicho moja jekundu, na chini yake maneno JICHO KWA JICHO. Povu alipita chini ya bango hilo likijaribiwa kutundikwa. Alimwomba shemeji yake alishushe. Shemeji akacheka, akamwambia hilo ni bango lake, heshima yake, asione haya. Povu aliomba tena kesho yake, na kesho kutwa. Kwa mtu wa maneno machache kama yeye, hiyo ilikuwa kelele.

Siku ya Jumatano Mjomba alimkuta Kitindamimba bombani akijaza ndoo. Alitaka alama ya ufunguo wa chumba cha wageni, akachongeshe mwingine. Povu alikuwa na funguo za vyumba vyote viwili, alizivaa shingoni kwa kamba ya njumu.

"Hatuui mtu," alisema Mjomba. "Jiko dogo la mkaa, pilipili kavu kiganja kimoja. Tunaliweka, tunalitoa kabla hawajafika. Wakohoe kidogo, wajue na kwetu kuna wenyewe."

Binti aliuliza kitu kimoja tu: na baba je, na kifua chake kile? Mjomba akamtuliza. Siku ya mechi baba yake angekuwa chumba cha timu ya nyumbani, upande wa pili wa korido, hata harufu isingemfikia. Binti akaona ni kweli. Ile robo saa ilikuwa ya ugenini. Hapa nyumbani nani angeipulizia timu yake dawa?

Mchana ule baba alipotundika funguo msumarini ili akoroge maji ya moto, binti aliutwaa ule wa wageni, akaukandamiza kwenye ncha ya mche wa sabuni. Alama ilitoka vizuri, meno yote. Mara akasikia kandambili za baba zikirudi. Hakuwa na nafasi ya kutafuta uzi. Alichomoa kisu cha kumenyea matunda kilichokuwa kwenye mfuko wake wa chakula, akakata kipande, akakifunga kwenye leso, akaurudisha ufunguo msumarini, na baba alipoingia akamkuta anakunja soksi.

Asubuhi ya mechi Povu aliushika mche ule. Aliugeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni, akaupapasa kwa kidole gumba pale ulipokatwa, akaurudisha mahali pake. Binti alimwona, lakini alijipa moyo kwamba jicho moja haliwezi kuona yote.

Wageni walitazamiwa saa nane na nusu mchana. Saa nane kasoro kidogo Kitindamimba alibeba taulo kupeleka chumba cha nyumbani. Wachezaji walikuwemo, wengine wamelala chali kwenye mabenchi, wengine wanafungana bandeji. Povu hakuwemo. Alimuuliza mlinzi wa korido, mama mmoja wa makamo aliyekalia kiti chake cha plastiki mlango ule ule tangu uwanja ufunguliwe.

"Baba yako si yuko chumba cha wageni," alisema yule mama.

"Anafanya nini huko?"

"Anawakalia. Kwani hujui? Timu yoyote ikija, yeye huingia kwanza, anakaa robo saa, anatoka. Miaka yote. Nilimuuliza siku moja, akaniambia nao wana wazazi wao."

Taulo zilianguka zote. Korido ile haikuwa ndefu, lakini alipoikimbia ilimshinda urefu, na kila hatua alikuwa anaomba, Mungu wangu si huyu, si huyu.

Mlango ulikuwa wazi na moshi ulitoka kwa juu ya kizingiti, ule moshi wa pilipili ambao mtu haoni rangi yake bali huusikia kooni kama kucha. Madirisha yote yalifunguliwa. Jiko lilikuwa nje ya dirisha, limemwagiwa maji, bado linatoa mlio. Povu alikuwa amepiga magoti sakafuni, taulo mbichi imefungwa puani na mdomoni, anafuta majivu kwa tambara. Kikohozi kilimshika mpaka paji la uso likagusa sakafu, akatulia, akafuta tena. Jicho zima lilitiririka machozi. Lililokufa nalo lilitiririka.

Binti alitaka kumwinua. Baba akamzuia kwa mkono, akashusha taulo kidogo.

"Sabuni inakatwa kwa uzi, mama," alisema.

Binti alikaa chini pale pale kwenye maji machafu, akalia kama siku ile alipokuwa darasa la tatu. Povu alimwacha alie kidogo, kisha akamsukumia tambara la pili. Wageni walikuwa njiani. Wakafuta pamoja, baba pembe hii, mtoto pembe ile, wakisuuza kwenye ndoo moja, na kila mzee alipokohoa binti alihisi kama ni yeye anayepigwa.

Habari zilimfikia Mjomba jukwaani. Aliteremka ngazi zote hizo na unene wake, tarumbeta bado inaning'inia shingoni, akasimama mlangoni asiweze kuingia wala kuondoka.

"Shemeji," Povu alimwambia bila kuinuka, sauti imekwaruzika, "umepika bila kunikaribisha."

"Wewe ulifuata nini humu?"

"Kazi yangu."

Mjomba alishika fremu ya mlango. Alisema lile lilikuwa kwa ajili ya jicho lake, kila mtu anajua walivyomfanya, na yeye kama kaka asingeweza kukaa tu.

"Jicho ni langu," alisema Povu. "Mbona mnalitumia bila kuniomba?"

Kisha, pengine kwa sababu kifua kilimwambia maneno si ya kuweka akiba tena, akawasimulia asichowahi kuulizwa. Usiku ule wa jiwe, gari la wagonjwa lilipokuja, ndani yake alipanda mtu mmoja wa pale pale, mwenye kofia nyekundu. Alikuwa mtunza vifaa wa timu ya wenyeji. Hawakujuana hata lugha. Mtu yule alilowesha taulo, akamshikia juu ya jicho njia nzima hadi hospitali, mkono mmoja taulo, mkono mwingine amemkumbatia kichwa kisitikisike, na alikuwa analia. Asubuhi alirudi na kapu la jezi, zote zimefuliwa damu, zimekunjwa kwa kufuata namba. Kama anavyokunja yeye. Povu alisema akizikumbuka zile jezi hushindwa kukasirika, hata akijitahidi.

Kitindamimba alikumbuka kapu lile. Alilifungua yeye, akaona nguo ni safi, akadhani baba ndiye aliyezifua.

Mjomba alivua tarumbeta shingoni, akaiweka juu ya benchi, akaondoka. Muda si mrefu wakasikia huko juu watu wakinung'unika na kuzomea, na lile bango likaonekana dirishani likiteremka, kwanza jicho, kisha maneno.

Wageni walipofika, hawakuingia. Alitangulia mtu mmoja mrefu, kofia nyekundu imepauka, akafunga mlango nyuma yake na kuanza kunusa hewa. Alisimama. Harufu ilikuwepo bado, imechanganyika na sabuni. Alitazama sakafu iliyolowa, akatazama matambara, akamtazama mzee aliyekaa kwenye benchi akihema, na binti mwenye macho mekundu. Kitindamimba alijua kwamba ameelewa yote, maana naye alifanya kazi ile ile. Binti aliinamisha kichwa, akasubiri anachostahili.

Mtu yule alifungua begi lake, akatoa taulo, akailowesha bombani, akaikamua kwa mikono miwili. Akakaa karibu na Povu, akamwekea kifuani. Povu akaonyesha saa yake. Yule naye akaonyesha yake. Wakakaa robo saa nzima, wazee wawili bila neno la kuelewana, na mwisho wake mwenye kofia akafungua mlango akawaita vijana wake.

Mechi ilikwisha bila kufungana. Jukwaani kulizomewa na kupigwa mbinja, maana shetani halali siku moja. Lakini basi la wageni lilitoka na vioo vyake vyote. Mbele yake alitembea mtu mnene aliyefungua mikono kama anayefukuza kuku, akiwaambia watu wake wapishe, wapishe, humo ndani mna mtu wa shemeji yangu.

Povu alikohoa wiki tatu, akapona kwa kiasi cha kupona kwake. Bango aliletewa na Mjomba mwenyewe, limekunjwa. Alilifua mara nyingi hadi maneno yakapotea likabaki doa la waridi, akalifanya la kufunikia kapu. Aliishi miaka mitatu zaidi. Alipolazwa mara ya mwisho, binti alimuuliza daktari faraghani kama moshi ule ndio uliompunguzia siku. Daktari alisema kifua kile kilikuwa na mengi, na siku za mtu hazigawanyiki hivyo. Jibu hilo halikumtosha. Akaenda kitandani, akaomba msamaha kwa mara nyingine.

"Hilo nililimaliza siku ile ile, mama," baba alisema. "Kabla sakafu haijakauka."

Kisha akaomba asomewe zaburi, na katikati ya zaburi akasinzia. Mungu alimchukua alfajiri ya siku ya tatu, kwa upole, kama mtu anayeanua nguo iliyokauka.

Siku hizi funguo anavaa Kitindamimba, kwa kamba ile ile. Timu yoyote ikija, iwe ya mtaa wa pili au ya nchi ya mbali, anaingia kwanza, anafunga mlango, anasali ile sala moja.

Mwezi uliopita walikuja tena wale watu. Mwenye kofia nyekundu alitangulia kama kawaida yake, akamkuta binti peke yake kwenye benchi. Alitazama nyuma ya mlango, akatazama upande wa bombani. Binti alitikisa kichwa, akanyoosha kidole juu. Mtu yule akavua kofia. Alisimama hivyo kwa muda, midomo ikicheza, kisha akaketi, si karibu naye, bali mwisho wa benchi, akaacha katikati nafasi ya mtu mmoja asiye mnene.

Wakaonyeshana saa. Chumba kilinuka sabuni tu.